Frasila 1,950: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi (Tippu Tip) na Suala la Namba Tasa katika Njia ya Tabora

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, kwa upande ambao msomaji wa Kiswahili huupita haraka, yaani upande wa hesabu. Tawasifu yake, aliyoiandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, ilitolewa kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. W.H. Whiteley aliifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1958-59 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tangu hapo matini hiyo imesomwa na wanahistoria kwa ajili ya matukio, na wanaisimu kwa ajili ya nathari ya Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19. Pande zote mbili zimenufaika. Hata hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, matini hiyo ni hesabu: frasila za pembe, idadi ya bunduki, siku za safari, riale zilizokopwa na riale zilizolipwa. Swali letu ni je, tarakimu hizo zina tabia gani, na tabia hiyo inatufunulia nini kuhusu mtu aliyezitaja?

Chombo tutakachokitumia ni namba tasa. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa namba yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea bila kikomo, kama Euclid alivyothibitisha zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Sifa mbili za namba hizi zinatuhusu. Kwanza, zikiondolewa 2 na 5 zenyewe, hakuna namba tasa inayoishia kwa 0, 2, 4, 5, 6 au 8. Mtu akadiriaye kwa makumi na mamia hawezi basi kutaja namba tasa kubwa hata akitaka. Pili, namba tasa si adimu kiasi cha kudhaniwa. Nadharia iliyothibitishwa mwaka 1896 na Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mmoja peke yake, yaonyesha kwamba kadiri tunavyopanda ndivyo zinavyopungua, lakini taratibu mno. Karibu na 2,000 bado ipo namba tasa moja katika kila namba saba au nane. Vitu vikihesabiwa kimoja kimoja mara mia, na kila mara jumla ikawa karibu na elfu mbili, yatarajiwa jumla 13 hivi ziwe tasa. Masimulizi yenye jumla nyingi na yasiyo na hata moja iliyo tasa ni masimulizi ya mkadiriaji.

Msomaji makini atauliza: ikiwa sifuri ya mwisho yatosha kuonyesha makadirio, namba tasa ya nini? Jibu ni kwamba katika njia ya msafara kuhesabu na kugawa ni kazi moja. Namba ilitamkwa ili igawanywe: mizigo kwa wapagazi, nafaka kwa vinywa, faida kwa washirika, na mwishowe mali kwa warithi. Namba tasa ndiyo namba inayokataa kugawanywa.

2.0 Nasaba na njia

Hamed alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Mwaka unaotajwa zaidi ni 1837, ingawa wako wanaotaja 1832. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara aliyefanya makao Unyanyembe, karibu na Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa hii si jambo la pembeni. Tabora ilikuwa njia panda: kutoka Bagamoyo msafara ulipita Ugogo hadi Unyanyembe, na hapo njia ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi. Waarabu wa Tabora waliishi katika nchi ya mtemi, na ugomvi wa utemi baada ya kufa kwa Fundikira, baina ya Mnywa Sele na Mkasiwa, uliwaingiza vitani. Mtu aliyekuwa na undugu wa ndoa na nyumba ya mtemi alikuwa na dhamana isiyoandikwa katika hati yoyote ya mkopo.

Kijana Hamed alianza na safari fupi za sandarusi, akiwa bado mdogo, kisha akafuatana na baba yake hadi Tabora, na kutoka hapo akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua. Hatuna haja ya kuzifuata safari hizo hatua kwa hatua. Brode na Whiteley wamekwisha kuifanya kazi hiyo. La kutiliwa maanani ni kwamba Tabora ndipo penye shule ya hesabu ya njia hiyo. Hapo msafara ulivunjwa na kuundwa upya: wapagazi walioajiriwa pwani waliachishwa, wengine wakaajiriwa, vitambaa na ushanga vikafunguliwa, vikapimwa na kufungwa tena.

3.0 Vipimo

Vipimo vya njia hiyo vinastahili kuangaliwa kwa utulivu. Kitambaa kilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Nafaka ilipimwa kwa kibaba: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, pishi 60 ni jizla. Kwa uzito, wakia ilikuwa uzito wa riale moja ya fedha ya Maria Theresa, yaani gramu 28 hivi. Wakia 16 ni ratili, ratili tatu ni mani, na mani 12 ni frasila. Ukivichambua vipimo hivi katika vigawo tasa utaona kwamba 2 na 3 ndizo zinazotawala, na 5 hujitokeza katika 60 tu. Saba haimo. Kumi na moja haimo. Watu wa soko walichagua, kwa uzoefu wa vizazi, namba zinazokubali nusu, theluthi na robo.

Hapa pana jambo dogo ambalo limewapotosha wengi. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu huandika kwamba frasila ni ratili 35. Kwa vipimo vya hapa, mani 12 za ratili tatu tatu ni ratili 36. Tofauti yatokana na ratili yenyewe: ratili ya Unguja, ikiwa na uzito wa riale 16, ni nyepesi kidogo kuliko ratili ya Kiingereza, kwa hiyo 36 za huku ni baina ya 35 na 36 za kule, na Wazungu wakaandika 35. Kiuzito tofauti ni ndogo. Kihesabu ni kubwa. Thelathini na sita ina vigawo tisa: 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18 na 36. Thelathini na tano ni 5 mara 7, namba tasa mbili tu, na ina vigawo vinne. Nusu yake si namba nzima, theluthi yake si namba nzima, wala robo yake. Mwenye duka wa Tabora aliyeuza nusu frasila na robo frasila asingeweza kufanya kazi na 35. Mtafiti anayetumia 35 ili kuzigeuza hesabu za Tippu Tip ziwe kilo hafanyi kosa kubwa la uzito, bali anaiondoa hesabu ile mikononi mwa wenyewe.

Lugha nayo ilikuwa katika mageuzi hayo hayo. Kiswahili kilikuwa na tandatu, fungate na kenda kabla ya sita, saba na tisa zenye asili ya Kiarabu kushika nafasi. Fungate imebaki leo katika siku saba za arusi, na kenda katika usemi wa wazee. Majina ya sehemu, kama vile theluthi, robo, sudusi na thumni, ni ya Kiarabu, na yamekuja pamoja na biashara na sheria ya mirathi, ambayo tutairejea.

4.0 Itabwa, 1867

Tukio lililomfanya Hamed kuwa Tippu Tip ni vita vyake na Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1867. Nsama alikuwa mtawala aliyeogopwa, na misafara kadhaa ilikuwa imeporwa katika nchi yake. Hamed aliingia na watu wachache wenye bunduki, akajeruhiwa kwa mishale, akashinda. Mwezi Julai mwaka huo huo David Livingstone, aliyekuwa akisafiri katika nchi hizo, alikutana naye na kupokewa vizuri. Kuhusu lakabu yenyewe, wako wanaosema ni mlio wa bunduki zake, na wako wanaosema ni kupepesa kwa macho yake. Masimulizi yote mawili ni ya zamani.

Katika ngome ya Nsama, kwa mujibu wa tawasifu, zilipatikana frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Tuzitazame. Namba 1,950 ni 2 mara 3 mara 5 mara 5 mara 13. Namba 700 ni 2 mara 2 mara 5 mara 5 mara 7. Zote mbili zinagawanyika kwa 50, na hii ni alama ya mtu aliyekadiria kwa hamsini hamsini. Sadfa ya kuvutia ni kwamba 1,950 imekaa katikati ya namba tasa pacha, 1,949 na 1,951. Ingepungua frasila moja au kuzidi moja, tungekuwa na namba isiyogawanyika kwa kundi lolote la wapagazi. Simaanishi kwamba Hamed alilijua hilo au alilihitaji. Zaidi ya hayo, uzito haudondoki kwa frasila nzima kama kokwa. Mizani hutoa frasila pamoja na ratili na wakia za ziada. Namba nzima ya frasila ni tayari kazi ya akili inayokata mabaki. Ninachomaanisha ni kwamba katika eneo hilo la namba, mizani iliyosomwa hadi frasila ya mwisho ingeweza kwa urahisi kutoa 1,949. Tawasifu imetoa 1,950.

Je, makadirio hayo ni ya uwongo? Sivyo. Chukulia kwamba mzigo wa mpagazi ni frasila mbili, kiasi cha kawaida kwa Wanyamwezi waliobeba pembe. Pembe pekee zingehitaji mizigo 975, na shaba mizigo 350, jumla 1,325. Kwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, wabeba pembe peke yao wangekula kila siku vibaba 975, yaani jizla nne, pishi tatu na vibaba vitatu. Pembe hizo zina uzito wa tani 31 hivi. Kuzitoa Itabwa na kuzifikisha pwani hakukuwa suala la ushujaa tena, bali la posho. Aliyeitaja 1,950 alikuwa ameigawa kwa mbili kichwani mwake mara nyingi. Namba iliyoviringwa hadi hamsini ilikuwa namba ya kufanyia kazi, na kwa mtazamo wangu hii ndiyo sababu ilidumu kumbukani kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipoiandika.

5.0 Watu katika hesabu

Ipo tofauti ambayo uchambuzi wa tarakimu huidhihirisha wazi kuliko uchambuzi wa maneno. Katika moja ya safari zake za kutoka pwani wapagazi wa Kizaramo walimtoroka. Hamed alirudi nyuma, akavamia vijiji vyao, akakamata watu 800, na Wazaramo wakampa jina la Kingugwa, yaani chui. Pembe za Nsama zilikadiriwa kwa hamsini. Watu wa Uzaramo wamekadiriwa kwa mia. Wanaokufa vitani huhesabiwa kwa mamia na kwa maelfu. Kadiri kitu kilivyokuwa na bei sokoni ndivyo sifuri za mwisho zilivyopungua. Huu si ushahidi wa moyo wa mtu mmoja tu. Daftari za wafanyabiashara na vitabu vya wasafiri wa Ulaya katika njia ile ile vina tabia hiyo, na Stanley, tutakayemkuta punde, aliorodhesha kauri na risasi kwa uangalifu mwingi kuliko aliowaorodheshea wapagazi waliokufa.

Kuanzia 1870 hivi Hamed, akisaidiwa na mikopo ya Taria Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi wa Unguja, aliingia katika safari iliyochukua miaka kumi na miwili. Utetera alidai undugu na mtawala Kasongo Rushie kwa njia ya bibi wa ukoo wake, dai likakubaliwa, akapewa nchi. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alimkuta Nyangwe na kufuatana naye. Mwezi Oktoba 1876 akaja Henry Morton Stanley, akitaka kusindikizwa kuufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini.

Mkataba wao ni mfano mzuri wa shida yetu. Walikubaliana vituo 60. Kwa mujibu wa Stanley ujira ulikuwa dola 5,000. Kwa mujibu wa tawasifu ulikuwa 7,000. Wasomi wamezozana ni yupi aliyesema kweli. Tukizichambua, 5,000 ni 2 mara tatu na 5 mara nne, na 7,000 ni 2 mara tatu, 5 mara tatu, na 7. Zinatofautiana kwa kigawo kimoja tasa tu, 5 hapa na 7 pale, juu ya elfu ile ile. Hii yaashiria kwamba waliopatana walipatana kwa maelfu, na kwamba palipobishaniwa ni tarakimu ya kwanza tu, ambayo ndiyo hukumbukwa kwa nguvu zaidi na kila upande kwa manufaa yake. Isitoshe, hakuna kati ya jumla hizo igawanyikayo kwa 60 bila baki, kwa kuwa 60 ina 3 ndani yake nazo hazina: kituo kimoja ni dola 83 na theluthi kwa hesabu ya Stanley, na 116 na theluthi mbili kwa hesabu ya Hamed. Mkataba haukutungwa ili ulipwe kituo kwa kituo. Ulikuwa wa yote au si yote. Na ndivyo ilivyotokea shida, kwa sababu safari iliyoanza Nyangwe tarehe 5 Novemba ilikatika. Ndui na mashambulizi viliwapunguza watu, na tarehe 28 Desemba 1876 wakaagana Vinya-Njara kabla ya vituo kutimia. Stanley aliandika hawala ya dola 2,600, akaongeza punda, mkufu wa dhahabu, bastola, doti 30 za vitambaa vizuri na kauri 16,300. Hamed aliona hakutendewa haki, na malalamiko hayo yamo katika tawasifu.

Mwaka huo huo wa 1876, nchini Ufaransa, Édouard Lucas alitangaza kwamba namba ipatikanayo kwa kuiongeza 2 maradufu hadi ifike nguvu ya 127, kisha kutoa 1, ni namba tasa. Namba hiyo ina tarakimu 39. Inafaa tusimame hapo kidogo, kwani tofauti ya kazi mbili za mwaka mmoja ni ya kufundisha. Kuitafutia namba hiyo vigawo kwa kujaribu kimoja kimoja kusingemalizika katika maisha ya mtu, wala katika maisha ya mataifa. Lucas hakugawa. Alitumia mfuatano unaoanza na 3, ambapo kila jawabu huzidishwa kwa lenyewe na kutolewa 2: 3, 7, 47, 2,207 na kuendelea, akibakisha kila mara baki tu. Jawabu la 126 likigawanyika kwa namba inayopimwa bila kubakiza kitu, namba hiyo ni tasa. Msomaji aweza kujijaribia kwa 127 yenyewe, ambayo ni 2 nguvu ya 7 kutoa 1: mabaki yatakuwa 3, 7, 47, 48, 16, na jawabu la sita ni 0. Hakuna namba tasa kubwa kuliko ile ya Lucas iliyopata kuthibitishwa kwa mkono bila mashine. Kompyuta zimekwenda mbali sana. Iliyogunduliwa Oktoba 2024, yenye umbo hilo hilo na nguvu ya 136,279,841, ina tarakimu 41,024,320. Lakini namba ya Lucas haikuhesabu kitu chochote. Hakuna mizigo mingi kiasi hicho, wala watu, wala kokwa za mchanga zilizobebwa katika njia yoyote. Namba za Vinya-Njara, ndogo na zilizoviringwa, kila moja ilikuwa na mtu chini yake.

6.0 Wapagazi 600

Hamed alirudi kwa njia ya Ujiji na Tabora, wakati Mirambo wa Urambo, ambaye vita vyake na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeitikisa njia tangu 1871, akiwa bado hai. Alifika Unguja Novemba 1882, akapokewa na Sultani Barghash, na mwaka uliofuata akarudi tena bara. Yaliyofuata ni siasa zaidi kuliko biashara, nami nitayapita upesi. Februari 1887 alitia saini na Stanley, Unguja, mkataba wa kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na kuahidi wapagazi 600 kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha.

Wapagazi 600 hawakupatikana. Takriban 400 walipatikana kwa kuchelewa, katikati ya 1888, na hata hapo palizuka ubishi wa uzito wa mizigo, ikabidi mizigo ifunguliwe na kupunguzwa. Mkuu wa kikosi cha nyuma, Barttelot, aliuawa kwa risasi Julai 1888. Stanley alimlaumu Hamed, na baadaye akafungua madai Unguja juu ya pauni 10,000 zilizokuwa kwa Taria Topan. Madai hayo hayakufika mwisho. Kwa mwanahesabu, ubishi wa mizigo ndio wenye maana. Ofisa wa Kiingereza alikuwa na mizigo ya uzito maalumu na akahitaji watu. Hamed alikuwa na watu na akahitaji mizigo ya uzito mwingine. Mizigo ikipunguzwa uzito, idadi yake huongezeka, na idadi ya watu haiongezeki nayo. Waliogombana walikuwa wakigawanya jumla moja kwa vigawo viwili visivyopatana, na kila mmoja akauita ubishi huo hila ya mwenzake.

7.0 Deni na mirathi

Hamed aliondoka Stanley Falls 1890 na kufika Unguja 1891. Hakurudi tena bara. Vita baina ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu vilianza 1892. Nyangwe na Kasongo zikaanguka 1893, na mwanawe Sefu akauawa mwaka huo. Muhammed bin Khalfan el Barwani, aitwaye Rumaliza, mshirika wake wa zamani wa Ujiji, alimdai mali ya ushirika na wakafikishana mahakamani. Ndani ya miaka hiyo aliandika tawasifu yake.

Alifariki Unguja Juni 1905. Mali ya Mwislamu hugawanywa kwa hesabu ambayo ni, pengine, mahali pekee ambapo nadharia ya namba ilifundishwa katika pwani yetu kwa karne nyingi, ikifundishwa msikitini na wala si katika somo la hisabati. Deni hutangulia, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mafungu. Mafungu yaliyotajwa ni nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Asili ya mas-ala, ambalo ni neno lile lile tulitumialo shuleni kwa sehemu ya chini ya namba, huwa 2, 3, 4, 6, 8, 12 au 24. Kama katika vipimo vya soko, 2 na 3 tu. Namba tasa nyingine huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni vichwa vya warithi: mafungu yakiwa manne na watoto wa kiume watano, mafakihi husema baina yao pana tabayun, yaani hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, na asili yote yapaswa kuzidishwa kwa 5. Mlango wa pili ni aul, mafungu yanapozidi mali. Mume mwenye nusu na dada wawili wenye theluthi mbili wanafanya tatu na nne juu ya sita, na asili hupandishwa kuwa saba. Vivyo hivyo 12 hupanda kuwa 13, 15 au 17. Saba, 13 na 17 hutokea pale tu ambapo kilichopo hakitoshi na kila mrithi hupunguziwa.

Vitabu hurudia kwamba kufikia 1895 Hamed alikuwa na mashamba saba na watumwa 10,000. Ya kwanza ni tasa, na ina sura ya kitu kilichohesabiwa. Ya pili ni 2 mara nne na 5 mara nne, na ina sura ya kitu kilichokisiwa kwa mbali. Amri ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba: mahakama hazikuweza tena kutekeleza dai la mtu juu ya mtu kwa msingi huo, ingawa mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuutafuta uhuru wake, na masuria hawakuingizwa hadi 1909. Hamed alipokufa, amri hiyo ilikuwa na miaka minane. Mashamba yangeweza kuandikwa katika orodha ya mali na kupigiwa asili. Watu wale, wawe elfu kumi au idadi nyingine, hawakuwa tena na fungu la kugawanywa.